Tuzo za ushairi kwa waandishi wenye asili ya Afrika: Evaristo, Sillerman, Cave Canem au Safal, upeleke wapi kazi yako?

Watu wengi wakitaka kuingia kwenye tuzo ya ushairi kitu cha kwanza wanachouliza ni mshindi anapata dola ngapi, na mimi nasema hilo liwe swali la mwisho kabisa, kwa sababu hizi tuzo nne ntakazoziweka hapa ubavu kwa ubavu hazimtafuti mtu mmoja. Moja inataka mashairi kumi tu. Mbili zinataka mswada wa kitabu kizima kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kutoa kitabu. Ya nne inataka Kiswahili, basi. Ukipeleka kazi nzuri mlango usio wake inarudi hata kabla jaji hajaisoma, na inauma kwa sababu unabaki unadhani ushairi wako ndo mbaya kumbe shida ilikuwa kwenye masharti.

Tuanze na hili neno asili ya Afrika maana ndo linalowachanganya wengi. Kila tuzo ina maana yake.

Evaristo na Sillerman zote ziko chini ya African Poetry Book Fund, mfuko ulioanzishwa 2012 chini ya mshairi Kwame Dawes, ulioanzia Chuo Kikuu cha Nebraska kule Lincoln, Marekani. Kwao mshairi wa Kiafrika ni mtu aliyezaliwa Afrika, au raia wa nchi ya Afrika, au ambaye wazazi wake ni Waafrika. Kwa hiyo ukizaliwa London au Toronto lakini baba na mama wametoka Uganda au Sudan, unaingia bila shida yoyote. Warsan Shire alishinda mwaka wa kwanza kabisa wa tuzo hii ambayo sasa inaitwa Evaristo, 2013, wazazi wake ni Wasomali, kazaliwa Kenya kakulia Uingereza, na hakuna aliyehoji.

Cave Canem ni kitu kingine kabisa. Hiyo ilianzishwa 1996 na washairi wawili, Toi Derricotte na Cornelius Eady, kwa ajili ya washairi weusi wa Marekani ambao kila wakienda kwenye mafunzo ya uandishi walijikuta wako peke yao darasani. Tuzo yenyewe ilianza 1999. Hapa ndo mahali pa mtu ambaye mababu zake walivushwa bahari karne nyingi zilizopita na hana hati wala mzazi wa kumwonyesha kwamba huyu katoka nchi fulani ya Afrika. Mtu huyo kwa kanuni za Evaristo na Sillerman hana nafasi, hata kama damu ni ile ile. Wapo wanaoona hii ni ubaguzi, mimi sioni hivyo, naona kila tuzo iliziba pengo lililokuwepo mbele ya macho yake. Ila lazima ujue uko upande gani kabla hujaanza kupanga kurasa.

Safal haichimbi ukoo wa mtu, inaangalia lugha. Ilianzishwa 2014 na Lizzy Attree pamoja na Mukoma wa Ngugi ikiitwa Mabati-Cornell, baadaye ikabadilishwa jina, na lengo lake tangu mwanzo ni kuinua maandishi ya lugha za Kiafrika, na lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili. Nairudia chini kwa sababu kwa wengi wanaosoma hapa naamini ndo ya kwanza kuitazama.

Sasa tuje kwenye Evaristo na Sillerman, maana hizi mbili watu wanazichanganya sana, mfuko mmoja, watu wale wale, lakini kazi inayotakiwa ni tofauti kama usiku na mchana.

Evaristo, iliyoanzishwa na mwandishi Bernardine Evaristo ikiwa Chuo Kikuu cha Brunel kule London na mshindi akipata paundi 3000, sasa hivi zawadi yake ni dola 1500 na inataka mashairi kumi. Kumi kamili, sio tisa wala kumi na moja. Unaweza kudhani hilo ni rahisi, lakini kuchagua kumi kati ya mashairi mia uliyonayo ni kazi ngumu pengine kuliko kuyaandika. Sillerman inataka mswada wa kurasa zisizopungua 50, zawadi ni dola 1000 na kitabu kinachapishwa na University of Nebraska Press. Ukiangalia dola tu utasema Evaristo ndo bora, lakini ukishinda Sillerman unatoka na kitabu mkononi, na ukishinda Evaristo unatoka na jina, hela na watu kuanza kukutafuta, kitabu bado ukihangaikie mwenyewe. Hela itaisha mwezi ule ule, kitabu kitakaa maktaba miaka na miaka.

Kwa hiyo ipi? Jibu langu ni angalia ulichonacho sasa hivi, usiangalie unachotamani kuwa nacho. Mwenye mashairi ishirini mazuri na mengine thelathini ya kujazia kurasa asiende Sillerman. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu nimesoma miswada ya marafiki ambayo kurasa kumi na tano za mwanzo zinakukamata shingo halafu kuanzia ukurasa wa ishirini unaona kabisa mtu alikuwa anatafuta idadi, mashairi ya siku ya kuzaliwa ya fulani, shairi la corona, shairi alilosoma kwenye harusi ya dada yake, yote humo humo. Mashairi yale yale ishirini yakichujwa hadi kumi yanakuwa silaha. Jaji akisoma kumi anaona sauti moja iliyojua inachosema, akisoma hamsini zilizojazwa anaona mtu asiyejua kuchuja.

Na njia hii ya kuanza na kumi halafu kitabu ina ushahidi. Safia Elhillo, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi wa Sudan, alishinda tuzo ya mashairi kumi 2015 akigawana na Nick Makoha wa Uganda, mwaka uliofuata akashinda Sillerman na kitabu chake kikatoka 2017. Sio lazima kila mtu apite humo, Clifton Gachagua wa Kenya alikuwa mshindi wa kwanza wa Sillerman 2013 kwa mswada wake, lakini kama unauliza ngazi ipi uipande kwanza, hiyo ya kumi iko chini na ina nafasi ya kurekebisha mguu.

Kuna jambo lingine hapa ambalo watu wanalipuuza mpaka linawagharimu, nalo ni ile hali ya kuwa hujawahi kutoa kitabu. Tuzo za kitabu cha kwanza ni za kitabu cha kwanza kweli kweli, na ukishatoa hairudi tena. Sasa kila tuzo inahesabu kitabu kwa namna yake, na hapa ndo naomba usome polepole.

Kwa kanuni za Evaristo, diwani uliyojichapishia mwenyewe na vile vijitabu vyembamba vya mashairi havihesabiwi, bado unaruhusiwa. Warsan Shire alikuwa ameshatoa kijitabu 2011, akashinda 2013. Kwa Sillerman kijitabu chembamba sio kitabu kamili, sawa, lakini diwani uliyojichapishia ikauzwa, iwe mtandaoni, dukani au hata pale mlangoni baada ya usiku wa mashairi, inahesabika kuwa kitabu na unakuwa umejitoa mwenyewe. Kuhariri mkusanyo wa mashairi ya watu wengine hakukuondoi. Cave Canem wao wanaangalia kama kitabu kamili kilitolewa na mchapishaji mtaalamu, na wamekuwa wakiruhusu vijitabu na vitabu vya kujichapishia vilivyochapwa nakala zisizozidi 500.

Unaona tofauti? Kijana aliyechapa nakala mia mbili za diwani yake akaziuza kwa mkono, Evaristo anaingia, Cave Canem kama ni mshairi mweusi kule anaingia, Sillerman hapana. Ndo maana nikisikia mtu anasema naenda kuchapa diwani yangu haraka haraka nipate kitu cha kuuza kwenye shoo, namuuliza kwanza, umeshafikiria tuzo za kitabu cha kwanza? Kama hujali tuzo hizo, chapa, uza, Mungu akubariki. Kama unazijali, toa kijitabu chembamba kwanza na ile diwani kubwa iweke. Na kanuni huwa zinaguswa guswa, kwa hiyo mwaka unaotuma soma fomu ya mwaka huo huo.

Cave Canem siiongelei sana kwa upande wa masharti kwa sababu wengi tunaoandika Kiswahili haitugusi moja kwa moja, ila kama una ndugu diaspora mwenye haki ya kuingia mwambie asiidharau kwa sababu ya dola 1000. Mswada ni kati ya kurasa 48 na 75, mshindi anapata hiyo hela, kitabu kinachapishwa, anapewa nakala 15 na anasoma mbele ya hadhira. Wachapishaji wamekuwa wakipokezana, Graywolf, University of Georgia Press, University of Pittsburgh Press. Jaji ni mshairi mwenye jina na hubadilika. Mshindi wa kwanza kabisa alichaguliwa na Rita Dove, naye alikuwa Natasha Trethewey. Tracy K. Smith alishinda 2002. Hao wawili wote baadaye walipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, Trethewey 2007 na Smith 2012, na wote wawili wakawa washairi wa taifa wa Marekani. Major Jackson naye alipitia hapo hapo. Tuzo ya dola 1000 ikiwa na jicho la namna hiyo, hiyo hela unaihesabu ya nini.

Sasa lugha, na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Evaristo na Sillerman zinapokea Kiingereza tu. Kazi iliyotafsiriwa kwenda Kiingereza inakubalika, ila sehemu ya zawadi inaenda kwa mtafsiri, jambo ambalo ni haki kabisa. Kwenye karatasi ina maana mshairi wa Kiswahili anaruhusiwa. Lakini hebu tuone kwa karibu nini kinatokea. Chukua mishororo miwili kama hii:

Nimefungua daftari, mama yangu amelala,
Wino nao u tayari, kalamu yataka kula.

Mizani kumi na sita kila mshororo, nane na nane. Vina vya kati ri, vya mwisho la. Ukiisoma kwa sauti unasikia kabisa ule mdundo, hata mtoto atajua mshororo wa tatu uishie wapi. Ipeleke sasa kwenye Kiingereza. Maana itafika, daftari, mama aliyelala, kalamu yenye njaa, picha nzuri tu. Lakini ri na la zimeondoka, nane na nane zimeondoka, na jaji ambaye hajui Kiswahili anaona mistari miwili mifupi ya kawaida ambayo haina sababu ya kuwa imekatwa pale ilipokatwa. Halafu inawekwa mezani pamoja na shairi la mtu aliyeliandika kwa Kiingereza tangu mwanzo, akilisukia sauti yake humo humo. Wewe umepeleka nusu ya shairi, mwenzako kapeleka zima.

Shairi huru linavuka vizuri zaidi, hilo sikatai. Mtu anayeandika mashairi huru yenye picha nzito na mtafsiri ambaye naye ni mshairi, ajaribu, na amlipe huyo mtafsiri heshima yake tangu siku ya kwanza, wakubaliane kwa maandishi nani anapata nini. Ila wewe wa tarbia na takhmisa, yani beti za mishororo minne na za mitano, wewe unayehesabu mizani kwa vidole, usianze huko. Anza Safal.

Safal kwa hela ndo kubwa kuliko zote nilizotaja. Fungu lake lilipangwa dola 15,000 kwa jumla, mshindi wa kwanza wa ushairi 5000, wa kwanza wa riwaya na hadithi 5000, halafu kuna wa pili 3000 na wa tatu 2000. Inapokea mswada ambao haujachapwa au kitabu kilichotoka ndani ya miaka miwili iliyopita. Hebu rudia hilo la pili. Diwani ambayo Sillerman ingekukatalia kwa sababu umeiuza, hapa bado ina nafasi, ilimradi haijazeeka. Mswada unaoshinda unachapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, yani unasomwa na watu wanaoijua lugha, na mpango uliotangazwa ni mashairi yatafsiriwe pia kupitia ule ule mfuko wa kina Kwame Dawes. Kwa hiyo tafsiri inakuja baada ya shairi kushinda kwa miguu yake lenyewe, na hiyo kwangu ndo mpangilio sahihi.

Waliopita hapo wamenipa imani. Mohammed Khelef Ghassani alishinda ushairi 2015 akiandika akiwa ugenini kuhusu kwao. Dotto Rangimoto akashinda 2017, Jacob Ngumbau Julius 2018. Ukisoma diwani za washindi hawa unaona majaji hawadai mtu aandike namna moja, anayeshika vina na mizani anasomeka na anayelegeza anasomeka, kinachodaiwa ni kwamba ujue unachofanya na lugha.

Ugumu wake ni nini? Kwanza washairi wa Kiswahili ni wengi na wazuri mno, kuna watu wanatunga tangu utotoni, baba zao walitunga, kwa hiyo vina peke yake havikupitishi. Nimeona mtu ana mswada wa beti mia tatu, mizani haijapotea hata mahali pamoja, lakini kila shairi linahubiri, vijana acheni ulevi, wazazi leeni watoto, ukimwi unaua. Hakuna ubaya kwenye ujumbe, ubaya ni pale ujumbe umefika kabla ya shairi, msomaji anajua ubeti wa mwisho utasema nini akiwa bado kwenye wa kwanza. Mswada kama huo toa nusu. Bakiza yale mashairi ambayo wewe mwenyewe ulipomaliza kuyaandika yalikupeleka mahali hukupanga kwenda.

Kingine ni kwamba zawadi ya wa pili na wa tatu hazigawiwi kila utanzu peke yake kwenye mpangilio ule wa awali, kwa hiyo shairi linaweza kugombea nafasi hizo na riwaya. Fungua tangazo la mwaka husika uone limekaaje.

Kuhusu gharama za kuingia, tuzo mbili za mfuko wa Nebraska hazitozi ada, na hili ni jambo kubwa kwa mtu ambaye hana hata kadi ya kulipia mtandaoni. Ukikutana na shindano lolote jipya linalokuomba ada kubwa, halisemi jaji ni nani na halionyeshi vitabu vya washindi wa nyuma, achana nalo hata kama zawadi inang'aa. Dirisha la Sillerman kawaida linafunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo mswada wako uwe umelala miezi kadhaa kabla ya hapo ili uurudie kwa macho mapya, sio unaanza kuupanga Novemba usiku.

Mengine ya fomu nayapitia haraka. Jina lako lisiwe ndani ya faili kama wanasoma bila majina, na angalia hata kwenye sifa za faili lenyewe maana kompyuta inaliandika humo kimya kimya. Shairi moja liishe ndo ukurasa mpya uanze. Usiweke picha, maua, wala herufi za mapambo. Ukituma kazi ile ile sehemu mbili hakikisha zote mbili zinaruhusu, na ukishinda upande mmoja andika imeili siku hiyo hiyo kwa upande wa pili.

Na ukikosa? Tuzo za mfuko huu zina kitu kizuri ambacho hakionekani kwenye tangazo. Kwame Dawes na mshairi mwenzake Chris Abani wamekuwa wakihariri makasha ya vijitabu vya washairi wapya wa Afrika, kasha la kwanza lilitoka 2014, na ndani yake walikuwemo Warsan Shire, Clifton Gachagua, Ladan Osman aliyeshinda Sillerman mwaka huo huo, na Nick Makoha ambaye tuzo yake ilikuja mwaka mmoja baadaye. Yani huyu Makoha kazi yake ilikuwa imeshaonekana kabla ya ushindi. Kufika orodha fupi kwa hiyo sio kushindwa, ni kusomwa na watu wanaotafuta washairi wa kuchapisha. Aliyekwisha kutoa kitabu kamili kwa Kiingereza naye asione milango yote imefungwa, mfuko huo huo una tuzo ya Glenna Luschei, dola 1000, ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa.

Kwa hiyo ningepanga hivi. Unaandika Kiswahili, diwani iko tayari, imechapwa juzi au haijachapwa, peleka Safal wala usihangaike na mtafsiri mwaka huu. Unaandika Kiingereza na una mashairi machache yenye nguvu, Evaristo. Una mswada wa Kiingereza ambao watu wawili wanaojua ushairi wameusoma wakakuambia usitoe kitu, na hujauza diwani popote, Sillerman. Unaandika lugha zote mbili, usigawanye shairi moja kwa tuzo mbili, weka mafaili mawili tofauti, ya Kiswahili yakae kwa Kiswahili chake na ya Kiingereza yazaliwe huko huko. Ndugu yako mweusi wa Marekani asiye na mzazi wa bara hili, mtumie jina la Cave Canem leo, na mwambie ahesabu kurasa, 48 hadi 75.